Viumbe Tunaowadharau: Mambo ya Kushangaza Kuhusu Punda, Panya, Bundi na Tumbusi



Tembo, twiga na simba hawahitaji mtu wa kuwatetea mbele yetu. Simba tunamweka kwenye nembo, twiga tunawaonyesha wageni, na njiwa tunamchora kwenye madirisha ya kanisa. Lakini wapo viumbe wengine ambao majina yao tumeyageuza kuwa matusi. Mtu asiyeelewa upesi darasani huitwa punda. Makundi ya vijana waliopora watu mitaani Dar es Salaam yaliitwa "panya road". Bundi akilia juu ya paa, wenye nyumba huanza kuwaza msiba. Na tumbusi hukumbukwa tu panapotajwa mizoga.

Katika makala hii tumewachagua hao wanne kwa makusudi. Ni rahisi kumtendea wema mnyama anayependeza. Wema wetu hupimwa kwa yule tunayemdharau, na hilo ni kweli kwa wanadamu kama lilivyo kweli kwa viumbe wengine. Hoja yetu ni moja tu: sehemu kubwa ya ukatili tunaowatendea wanyama hautokani na chuki, bali unatokana na kutojua. Anayemjua kiumbe vizuri huanza kuona wajibu wake kwake, na mara nyingi huona pia kwamba uhai wa watu umefungamana na uhai wa kiumbe huyo.

Punda: si mkaidi, anapima hatari

Wahenga walisema, "Asante ya punda ni mateke." Wengine wakaongeza, "Punda afe, mzigo ufike." Methali hizi zinatuonyesha jinsi tulivyomzoea punda: anatumika kila siku, halafu analaumiwa.

Jambo la kwanza la kushangaza ni asili yake. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba punda wote wanaofugwa duniani wametoka katika chimbuko moja, nalo liko hapa Afrika, upande wa mashariki wa bara, na kwamba walianza kufugwa yapata miaka 7,000 iliyopita. Punda wa milima ya Amerika ya Kusini, punda wa mashamba ya Ulaya, na hata yule mwanapunda aliyembeba Bwana wetu kuingia Yerusalemu, wote asili yao ni bara letu. Kabla ya ngamia kuzoeleka kwenye misafara, punda ndiye aliyebeba biashara ya Misri ya kale.

Jambo la pili ni huo unaoitwa ukaidi wake. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa mara nyingi husimama palepale. Wazee wake waliishi katika nchi kavu yenye mawe, wakiwa wachache wachache, mahali ambapo kukimbia ovyo kungeweza kumvunja mguu. Kwa hiyo maumbile yake yanamwambia: simama, tazama, sikiliza, kisha uamue. Anapogoma kuvuka daraja bovu au kuingia kwenye tope asilolijua, anafanya kile ambacho dereva mwenye busara angefanya. Sisi tunaona kiburi, tunachukua fimbo.

Wasomaji wa Maandiko Matakatifu watakumbuka habari ya Balaamu katika kitabu cha Hesabu, sura ya 22. Punda wake alisimama njiani, naye akampiga mara tatu. Kisha ikadhihirika kwamba punda alikuwa amemwona malaika ambaye nabii hakumwona, na kwamba kusimama kule ndiko kulikomwokoa bwana wake. Malaika alimuuliza Balaamu kwa nini amempiga punda wake. Ni swali linalofaa kuulizwa kwenye visima na masoko yetu hata leo.

Jambo la tatu ni maumivu yake. Mnyama anayewindwa hujifunza kuficha udhaifu, kwa maana anayechechemea ndiye anayekamatwa kwanza. Punda amerithi tabia hiyo. Anaweza kuwa na kidonda chini ya sogi, kwato zilizooza au meno yanayomkata ulimi, na bado akaendelea kutembea kimya. Madaktari wa mifugo hutahadharisha kwamba punda anapoanza kuonyesha wazi kuwa anaumwa, mara nyingi hali yake imekwisha kuwa mbaya. Kimya chake kisitudanganye kwamba hasikii uchungu.

Na la nne, punda hushikana urafiki. Wawili waliozoeana hula pamoja, husimama pamoja na kukwanguana shingo. Mmoja akifa, aliyebaki anaweza kuacha kula. Kuacha kula huko ni hatari kweli, kwa sababu mafuta ya mwilini humiminika kwenye damu na punda anaweza kufa. Ndiyo maana wataalamu wa punda hushauri kwamba mwenzake akifa, yule mzima aachwe karibu na mwili kwa muda mpaka yeye mwenyewe auache.

Katika mji wa kale wa Lamu, ambako vichochoro ni vyembamba na magari hayapiti, punda bado ndiye lori. Hubeba mchanga, mawe ya ujenzi, maji na watu. Kituo cha kutibu punda kimekuwepo huko tangu mwaka 1987. Huko bara, kwa familia nyingi, punda mmoja ndiye anayeamua kama mama atabeba maji kichwani au la, na kama binti atawahi shuleni au atabaki njiani na ndoo.

Hata hivyo, katika miaka ya karibuni punda wa Afrika waliuawa kwa wingi kwa ajili ya ngozi zao, zinazochemshwa kutengenezwa ejiao, dawa ya jadi ya China. Wengi waliibwa usiku na kuchinjwa porini. Mwenye punda aliamka asubuhi akiwa hana mnyama wala njia ya kupata riziki. Mwezi Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliidhinisha kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi katika bara zima kwa miaka 15. Kuupitisha uamuzi ni hatua moja. Kuusimamia vijijini ni hatua nyingine, na hapo raia wote tuna sehemu yetu.

Panya: aliyeokoa miguu ya watu

Tuwe wakweli: panya wa nyumbani anakula mahindi ghalani, anatoboa magunia na anaweza kuleta magonjwa. Hatusemi afugwe jikoni. Lakini yupo panya mwingine, panya buku, mkubwa karibu kama paka mdogo, ambaye kule Morogoro ameajiriwa.

Shirika liitwalo APOPO, lililoanzishwa mwaka 1997 na Mbelgiji Bart Weetjens, lina makao yake katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Huko panya buku hufundishwa tangu wakiwa wadogo kutambua harufu ya baruti iliyomo ndani ya mabomu yaliyotegwa ardhini. Mafunzo hayatumii kipigo. Panya akitambua harufu sahihi husikia mlio mfupi wa kidude maalum, kisha anapewa kipande cha ndizi au karanga. Baada ya miezi kadhaa anafanyiwa mtihani, na asiyefaulu hapelekwi kazini.

Kwa nini panya? Macho yake ni hafifu lakini pua yake ni kali mno. Uzito wake ni kilo moja na kidogo, hivyo anapita juu ya bomu bila kulilipua. Tena hajali vipande vya chuma, misumari na vizibo vya soda vinavyomchelewesha mtu mwenye kifaa cha kutambua chuma. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi hulikagua kwa dakika 30 hivi, wakati mtu mwenye kifaa hicho anaweza kuhitaji hadi siku nne. Akinusa bomu hukwaruza ardhi, na wataalamu hulitegua. Kwa kuwa ni mnyama wa usiku, hufanya kazi alfajiri kabla jua halijawa kali, na masikio yake hupakwa mafuta ya kumkinga na jua.

Panya hawa walishiriki kuisafisha Msumbiji, nchi ambayo mwaka 2015 ilitangazwa kuwa huru na mabomu yaliyotegwa ardhini. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania mwaka 2013 na kupelekwa Kambodia mwaka 2016. Mpaka anastaafu mwaka 2021 alikuwa amegundua mabomu ya ardhini 71 na vilipuzi vingine 38. Shirika la PDSA la Uingereza, linalotibu wanyama, lilimpa nishani yake ya dhahabu mwaka 2020. Hakuna panya aliyewahi kuipata kabla yake. Alifariki Januari 2022 akiwa na umri wa miaka minane. Baada yake akaja Ronin, naye mzaliwa wa Tanzania, aliyegundua mabomu ya ardhini zaidi ya 100. Kila bomu lililoondolewa ni mguu wa mtoto ambaye hatujui jina lake, anayekwenda shambani na kurudi salama.

Panya wengine wa Morogoro hawatafuti mabomu, wanatafuta kifua kikuu. Tangu mwaka 2007 sampuli za makohozi kutoka kliniki hupitishwa mbele yao baada ya kupimwa kwa njia ya kawaida. Panya mmoja anaweza kunusa sampuli 100 kwa dakika 20, kazi ambayo kwa darubini ingemchukua mtaalamu wa maabara siku kadhaa. Sampuli anayoitilia shaka hurudishwa maabara kuthibitishwa. Kwa njia hiyo wamepatikana wagonjwa wengi ambao kipimo cha kwanza hakikuwaona, na ambao wangerudi nyumbani kuwaambukiza watoto wao.

Je, panya ana huruma? Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha matokeo ya jaribio moja. Panya aliachwa huru karibu na mwenzake aliyefungiwa ndani ya mrija mwembamba. Bila kufundishwa na mtu, panya wengi waligundua jinsi ya kufungua mlango na kumtoa mwenzao. Walipowekewa pia mrija mwingine wenye chokoleti, hawakula kwanza na kumsahau mfungwa: walifungua yote miwili, na mara nyingi mwenzao akapata sehemu ya chokoleti. Hatuna haja ya kusema kwamba panya ana upendo wa Kikristo. Inatosha kutambua kwamba mwenzake anapotaabika, naye hutaabika. Hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu asite kabla ya kumwagia panya mafuta ya taa na kumwasha moto kwa kujifurahisha, kama watoto wanavyofanya mahali pengine huku wakubwa wakicheka.

Bundi: mlinzi wa ghala anayedhaniwa mchawi

Bundi mweupe mwenye uso wa umbo la moyo hupenda kuishi karibu na watu: kwenye dari za maghala, magofu, na minara ya kanisa. Parokia nyingi zina familia ya bundi juu ya kengele bila kujua.

Uso wake ule wa mviringo unafanya kazi kama dishi, unakusanya sauti na kuzipeleka masikioni. Masikio yenyewe hayakukaa sawa. Moja liko juu kidogo kuliko jingine. Kwa hiyo sauti ya panya anayetembea kwenye majani hufika sikio moja mapema kidogo au kwa nguvu zaidi kuliko jingine, na bundi anajua hasa panya yuko wapi. Watafiti waliomweka katika chumba chenye giza totoro waliona kwamba anaweza kumkamata panya kwa kusikia peke yake. Kingo za manyoya yake zina nyuzi laini zinazokata upepo taratibu, hivyo anaruka bila sauti. Macho yake hayawezi kuzunguka kwenye matundu yake, ndiyo maana anageuza shingo nzima. Shingo hiyo ina pingili 14, mara mbili ya zile za mwanadamu.

Bundi mmoja wa aina hii hula panya wadogo kama watatu au wanne kwa usiku, na akiwa na vifaranga huwinda zaidi. Analia juu ya nyumba yetu kwa sababu panya wako kwenye nyumba yetu, au kwa sababu anamwita mwenzake. Je, kwa nini basi watu husema walimsikia kabla ya msiba? Anayekesha na mgonjwa ndiye anayesikia sauti za usiku. Siku nyingine bundi huyo huyo alilia, lakini sisi tulikuwa usingizini.

Hapa pana jambo zito kuliko ndege mmoja kupigwa manati. Hofu ile ile inayomuua bundi imewahi kuua watu. Katika baadhi ya maeneo ya Tanzania, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi ya kupika. Bundi akitua juu ya nyumba ya bibi anayeishi peke yake, ndege huyo anaweza kugeuzwa kuwa "ushahidi". Katekisimu inapoeleza amri ya kwanza inatuonya dhidi ya ushirikina. Katekista anayewafundisha watoto ukweli kuhusu bundi anamlinda ndege, lakini pia anamlinda bibi.

Tumbusi: mganga asiyelipwa

Tumbusi ana sura isiyovutia, na kichwa chake hakina manyoya ya kutosha. Lakini hata upara huo una kazi: anapoingiza kichwa ndani ya mzoga, damu haigandi kwenye manyoya, na joto la mwili hupungua kwa urahisi zaidi.

Ndege huyu anaruka juu kuliko wengi tunavyofikiri. Mwaka 1973 tumbusi mmoja aligongana na ndege ya abiria angani karibu na Abidjan, Ivory Coast, kwenye kimo cha zaidi ya mita 11,000. Huko juu mwanadamu asingeweza kupumua kwa muda mrefu bila msaada.

La kushangaza zaidi ni tumbo lake. Asidi iliyomo ni kali kiasi kwamba anaweza kula mzoga wenye kimeta na vijidudu vingine ambavyo vingemuua mtu, na asidhurike. Kundi la tumbusi linaweza kummaliza swala mzima kwa muda mfupi, na kuacha mifupa tu. Kazi hiyo hufanywa bila mshahara wala bajeti ya halmashauri.

Thamani ya kazi hiyo ilionekana India baada ya tumbusi kutoweka. Katika miaka ya 1990, tumbusi wa India waliokuwa makumi ya mamilioni walianza kufa. Mwaka 2004 sababu ilijulikana: ng'ombe walikuwa wakipewa dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki, na tumbusi aliyekula mzoga wenye dawa hiyo alikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi. Aina kadhaa za tumbusi zilipungua kwa zaidi ya asilimia 95. Mizoga ikabaki ikioza, maji yakachafuka, mbwa wasio na wenyewe wakaongezeka, na pamoja nao kichaa cha mbwa. Utafiti wa wanauchumi wawili uliochapishwa mwaka 2024 ulikadiria kwamba kati ya mwaka 2000 na 2005 watu wapatao 500,000 zaidi walikufa kutokana na kutoweka kwa ndege hao. India ilikuwa imekwisha kupiga marufuku matumizi ya dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006, lakini tumbusi hutaga yai moja tu kwa wakati, na hesabu iliyoporomoka kwa miaka kumi hairudi kwa miaka kumi.

Je, kwetu hali ikoje? Mwaka 2015 aina nne za tumbusi wa Afrika ziliingizwa kwenye daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani. Sababu kubwa ni sumu. Simba au fisi akiua ng'ombe, mfugaji mwenye uchungu huupaka mzoga dawa ya wadudu ili mwuaji akirudi afe. Anayefika kwanza ni tumbusi, tena hafiki peke yake. Majangili nao huwaua kwa makusudi, kwa sababu tumbusi wakizunguka angani huwaonyesha askari wa wanyamapori mahali tembo alipouawa. Mwaka 2019 huko Botswana, zaidi ya tumbusi 500 walikutwa wamekufa kwenye mizoga michache ya tembo iliyotiwa sumu.

Hatumlaumu mfugaji bila kumsikiliza. Ng'ombe wawili wakiuawa usiku mmoja, ada ya shule imekwenda. Ndiyo maana wema kwa wanyamapori hauwezi kutenganishwa na haki kwa watu wanaoishi nao: maboma imara ya kulaza mifugo, fidia inayofika kwa wakati, na maafisa wanaopokea simu.

Mama Kanisa anafundisha nini?

Kuna watu wanaodhani kwamba kuzungumzia wanyama ni jambo la wenye nafasi, na kwamba padre ana kazi nyingine muhimu zaidi. Maandiko hayasemi hivyo. Amri ya Sabato inawataja ng'ombe na punda kati ya wanaostahili kupumzika. Kitabu cha Kutoka kinaagiza kwamba ukimkuta punda wa adui yako ameanguka chini ya mzigo, umsaidie. Na si wa rafiki yako, wa adui yako. Kumbukumbu la Torati linakataza kumfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka. Mithali inamtambua mwenye haki kwa namna anavyojali uhai wa mnyama wake. Na kitabu cha Yona kinamalizika kwa Mungu kuuhurumia mji wa Ninawi pamoja na wanyama wake wengi. Bwana wetu mwenyewe alisema kwamba hata shomoro, ambao bei yao sokoni ilikuwa ndogo sana, hakuna mmoja anayesahauliwa na Mungu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2416 hadi 2418, inalipanga jambo hili vizuri. Wanyama ni viumbe vya Mungu, nao kwa kuwepo kwao tu wanamtukuza. Kwa hiyo tunawiwa nao wema, kama walivyotuonyesha watakatifu Fransisko wa Asizi na Filipo Neri. Ni halali kuwatumia kwa chakula, mavazi na kazi. Lakini kuwatesa au kuwaua pasipo sababu ni kinyume cha hadhi ya mwanadamu. Na Katekisimu inaongeza upande wa pili: si haki pia kuwatumia wanyama fedha ambazo zingepaswa kwanza kuwasaidia watu walio katika dhiki.

Tuangalie vizuri neno hilo "hadhi ya mwanadamu". Anayempiga punda aliyeanguka anajishusha yeye mwenyewe. Mtakatifu Thomas wa Akwino aliliona hilo karne nyingi zilizopita alipofundisha kwamba anayezoea ukatili kwa wanyama huweza kuuhamishia kwa watu. Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alikazia kwamba moyo wetu ni mmoja: ugumu tunaoulea kwa mnyama hautabaki kwa mnyama tu. Alifundisha pia kwamba viumbe wengine wana thamani yao mbele za Mungu, hata kama sisi hatupati faida yoyote kwao. Kwa hiyo hata panya asiyegundua bomu, na punda mzee asiyeweza tena kubeba maji, bado ni kazi ya mikono ya Muumba.

Tufanye nini katika parokia na seminari zetu?

Kwa wenye punda na mikokoteni: tuanze na mzigo na vidonda. Weka kitambaa au gunia laini chini ya sogi, punguza mzigo panapokuwa na mlima, mpe maji kabla ya safari na baada yake, na mwite afisa mifugo mapema. Vigango vilivyo na wachota maji wengi vinaweza kumwalika afisa huyo azungumze baada ya Misa ya Jumapili.

Kwa wenye maghala: fungeni matundu, hifadhini mahindi kwenye vyombo au mifuko isiyopitisha hewa, na mtumie mitego badala ya sumu. Panya aliyekula sumu huliwa na bundi au paka, nao hufa. Mwaka unaofuata panya huwa wengi zaidi kwa kuwa hakuna wa kuwala. Na kama kuna bundi kwenye mnara wa kanisa, aachwe hapo.

Kwa wafugaji: mzoga usipakwe sumu kamwe. Sumu haichagui. Imeua mbwa wa nyumbani, na inaweza kumfikia mtoto.

Kwa wenye mbwa: mpelekeni mbwa kupata chanjo ya kichaa cha mbwa kila kampeni inapopita. Mbwa 7 kati ya 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kusambaa, na sababu ya kuwapiga mbwa mawe mitaani hupungua.

Kwa wanaosafirisha kuku kwa bodaboda: tenga lenye hewa halina gharama kubwa. Kuku aliyening'inizwa miguu juu kwa saa nzima anapata shida kupumua na hufika amedhoofika, wakati mwingine amekufa. Wema na faida hapa vinakwenda pamoja.

Kwa waseminari na makatekista: somo la uumbaji lifundishwe kwa mifano ya hapa hapa. Watoto wa Utoto Mtakatifu watakumbuka habari za Magawa kuliko maelezo marefu. Na sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, tarehe 4 Oktoba, inaweza kuwa siku ya kubariki mifugo na kuwachanja kwa pamoja, baraka na sindano siku moja.

Maswali ya kujadili katika jumuiya ndogo ndogo

1. Ni mnyama gani anayedharauliwa au kuogopwa zaidi katika mtaa wetu, na ni kweli gani tunayoijua kumhusu?

2. Je, kuna mtu katika jumuiya yetu anayetiliwa shaka ya uchawi kwa sababu ya ndege, paka au mnyama mwingine? Tumlindeje?

3. Ni mzigo gani, wa mnyama au wa mtu, ambao tumezoea kuuona njiani na hatusimami tena kusaidia kuuinua?